TAHADHARI: "Seti ya kurekodi TV kwa kompyuta" ya muuzaji anayejidai yuko Malindi

Asalaam aleikum ndugu zangu wa Lamu, Malindi na mwambao mzima. Haya nilikuwa nimeyameza kwa aibu, maana mtaani mimi ndiye ninayeitwa simu na kompyuta za watu zikiharibika, nami nimeliwa kama mgeni aliyeshuka jetini leo. Lakini juzi nimeliona lile tangazo limerudi, picha zilezile, ukurasa umebadilishwa jina tu. Basi aibu nimeiweka kando.

Tangazo lasema: seti kamili, 4K (picha kali kuliko HD), USB 3 (plagi ya kompyuta yenye kasi), yarekodi king'amuzi chochote. Mna kidude cha kuchomeka waya wa HDMI upande huu na kompyuta upande wa pili, shilingi 4,500. Mna diski ya nje ya terabaiti 2, shilingi 5,000. Na mna flashi yenye "programu ya leseni" ya kugeuza video, 2,000. Jumla 11,500, na 400 za kutumiwa na basi hadi Mokowe.

Haja yangu ilikuwa moja tu. Babu yangu ni fundi wa majahazi Matondoni, na watu wa televisheni walikuja kumpiga picha akichonga mataruma, zile mbavu za chombo. Kipindi kilipangwa Jumamosi usiku. Nilitaka kukinasa kikiwa safi, si kusimamisha simu mbele ya runinga kama tulivyozoea, feni inavuma na watoto wanapita.

Nilimwomba namba ya Till nilipie, akasema leo ina matatizo, nitume kwa namba ya simu. Kabla sijaweka namba ya siri likatokea jina la mwanamke. "Ni la mke wangu, ustadhi." Nikatuma. Ningekuwa nimemshauri mtu mwingine ningemwambia aache hapohapo, lakini kipindi kilikuwa kimebaki siku nne na mimi nilishaona video kichwani.

Mzigo ulifika Jumatano. Tuanze na kile kidude, ambacho kusema kweli si taka kabisa. Kinapokea picha na kinarekodi. Ila si kile alichouza. Plastiki ya ndani ya plagi ni ya buluu, na kila mtu ameshafundishwa kuwa buluu ni USB 3. Chungulieni kwa tochi ya simu. USB 3 ya kweli ina vidole tisa vya shaba: vinne mbele kama ile ya zamani, vitano nyuma yake. Changu kina vinne. Ni USB 2 iliyovishwa kanzu ya buluu, na USB 2 mwisho wake ni megabiti 480 kwa sekunde. Picha ya HD kamili, 1920 kwa 1080, picha 25 kwa sekunde, ikipita bila kubanwa yataka zaidi ya megabiti 800. Haipenyi. Kwa hiyo kidude kinaibana kila picha chenyewe ndani kabla ya kuipitisha, na "4K" ya kwenye boksi maana yake ni kuwa kinakubali kupokea 4K, kisha kinatoa HD ya kawaida. Vidude vya namna hii vipo vingi na ni vya bei ya chini sana kuliko 4,500.

Ijumaa nilikijaribu kwa mpira. Mchezaji akikimbia, kingo za mwili wake zinatoka meno kama ya kitana. Nilipomwandikia akanijibu kuwa laptop yangu ni mkongwe. Si laptop. King'amuzi kilikuwa kinatoa 1080i, yaani nusu picha 50 kwa sekunde, mistari ya witiri na ya shufwa kwa zamu, na ukizirekodi bila kuziunganisha vizuri utaona hayo meno. HandBrake, programu ya kugeuza video, inayasawazisha bila malipo. Na hapo tugusie ile programu ya 2,000: ilikuwa HandBrake hiyohiyo na OBS, ile ya kurekodi, zote za bure kwenye tovuti zao wenyewe, zimefungwa pamoja ndani ya kitu kinachokutaka kwanza uzime antivairasi. Sikuizima. Walau hapo nilikuwa na akili.

Kuhusu "king'amuzi chochote": changu ni cha chaneli za bure, kikakubali. Jirani yangu alikuja na cha kulipia, akapata kioo cheusi. Hiyo ni HDCP, kufuli ambalo king'amuzi huliweka kwenye waya wa HDMI ili kazi za watu zisirekodiwe. Muuzaji analijua vizuri, anauza tu.

Sasa diski, na hii ndiyo iliyoniuma.

Laptop yangu ilikuwa imejaa. Alhamisi nikahamishia diski mpya video zote za nyumbani, kama gigabaiti 140: harusi, maulidi, mashindano ya mashua. Diski ikazipokea bila kulalamika. Kompyuta ikaandika terabaiti 1.8, kama inavyoandika kwa diski ya kweli ya 2. Nikafuta za kwenye laptop nipate nafasi. Jumamosi nikarekodi kipindi moja kwa moja kwenye diski: saa nzima, gigabaiti tatu na nusu, faili likakaa mahali pake na jina lake.

Jumapili nikapanda mashua hadi Matondoni na laptop kwapani. Wazee wamekaa, kahawa imemiminwa, babu amevaa kofia yake ya Ijumaa. Nikabonyeza. Kimya. VLC, programu ya kuchezea video, ikafungua kioo cheusi, ikakaa, ikakataa. Jina la faili lipo, ukubwa upo, ndani hamna kitu. Babu akaniuliza taratibu, "Yapatikana au haipatikani?"

Niliporudi niliweka programu ya kupima diski, H2testw, nayo ni ya bure, nikaiambia iandike gigabaiti 100 kwenye diski kisha izisome tena. Ikachukua asubuhi nzima. Jibu: 59 na kitu ziko sawa, zilizobaki zote zimepotea. Nikafungua kasha kwa kisu. Ndani mna kadi ya kumbukumbu ya simu ya gigabaiti 64, imebandikwa kwenye kibao kidogo, na nati mbili za chuma zimegandishwa kwa gundi ili mkono uhisi uzito. Nati, jamani! Mtu amekaa akafikiria nati.

Kadi imefundishwa kuidanganya kompyuta ukubwa wake. Orodha ya majina ya faili huandikwa mwanzo mwanzo, kwa hiyo utaona kila kitu kipo. Video yenyewe ikivuka nafasi halisi inaandikwa hewani. Ndiyo maana harusi za mwanzo zinafunguka. Kuanzia ya dada yangu kwenda mbele, hamna.

Nilimtumia muuzaji picha ya nati. Alama mbili za buluu, kisha akanibloku. Nilipeleka ujumbe wa M-Pesa kwa 456 kuomba pesa zirudishwe, lakini siku zilikuwa zimepita na alishazitoa. Mpwa wangu anayesoma Malindi alikwenda hadi nyuma ya stendi alikosema lipo duka lake. Pana fundi cherehani, na amechoka kuulizwa. Mpwa wangu alikuwa mtu wa nne.

Mkitaka kununua vitu hivi, nunueni kwa mtu mwenye mlango, aandike risiti, na diski ijaribiwe kabla hamjaitia kitu. Msifute chochote cha zamani kabla mpya haijasomeka hadi mwisho. Na huyu bwana sasa anatangaza pia kugeuza kaseti za harusi "kuwa HD" kwa shilingi 1,000 kila kaseti. Kaseti ya zamani ikiingizwa kwenye kompyuta ina nukta 720 kwa 576. HD kamili ina nukta mara tano ya hizo. Hizo nne za ziada hazimo kwenye kaseti, atazivuta kama mpira wa baiskeli. Na kaseti yenyewe mtakuwa mmempa yeye.

Aliyerekodi kile kipindi cha majahazi ya Matondoni, hata kwa simu, hata feni ikivuma, tafadhali aniandikie hapa chini. Nitakuja popote alipo, diski ninayo, na hii nimeipima.