Uzoefu wangu: Goba hadi Makumbusho kwa daladala, kugeuza kumeniokoa

Nakaa Goba, hapa Dar es Salaam, toka 2021, kazini kwangu Makumbusho, na siku nanunua kiwanja dalali alinihakikishia kwamba mjini ni pua na mdomo tu. Sawa, labda pua ya tembo.

Ukisimama kituo cha Njia Nne hapa Goba saa 12 na nusu asubuhi, daladala zinazotoka Mbezi Mwisho zinapita zimeshona, konda ananing'inia mlangoni wala hakuangalii, anapiga bodi, suka (dereva) anaondoka. Wiki ya kwanza nilichelewa kazini siku tatu. Jirani yangu mmoja mama mtu mzima, muuza mitumba, akanicheka akaniambia mwanangu huku watu wanageuza. Yani unavuka barabara unapanda gari ya kwenda Mbezi, ambayo saa hizo iko tupu, unachagua siti ya dirishani, mkifika Mbezi watu wanagombania mlango wengine wanarusha mabegi dirishani kuwahi siti we umetulia tu, gari linageuka linakupitisha palepale ulipokuwa umesimama, unawaangalia wenzako hivi kwa huruma kidogo. Nauli unalipa mara mbili, na toka ile ya chini kabisa ipande Desemba 2023 kutoka 500 kuwa 600 mwisho wa mwezi unaisikia, ila mi nalala usingizi mpaka Makumbusho, kwangu hiyo hela imeenda kihalali.

Shida ni makonda wasiotaka kugeuza, wanashusha wote Mbezi ili mgombanie upya. Na kuna wanaokatisha ruti, juzi tumeshushwa njiani, Tangi Bovu, eti gari bovu, hatujamaliza kushuka anaita Mbezi Mbezi!

Boda mpaka Tangi Bovu halafu unaunga gari za barabara ya Bagamoyo ni haraka, lakini masika sithubutu tena, nishafika ofisini na tope mpaka kwenye nywele. Anayeshinda Posta au Kariakoo bora ashuke Mbezi aende Kimara achukue basi la mwendokasi, lina njia yake toka 2016 halikai foleni, kwangu mimi huko ni kuzunguka.

Asubuhi naipa nyota nne. Jioni naipa nyota moja tu, maana pale Makumbusho ndo mwisho wa gari, hakuna cha kugeuza, nakaa tu ofisini mpaka saa mbili usiku nyomi ipungue.