Mwanangu aliiita gari ya mwalimu mstaafu, nikainunua hivyo hivyo (Corolla ya 2017)

Naanza na jibu kabisa ili mwenye haraka aende zake. Kama una kijana wa miaka 17, leseni kaipata juzi na kila jioni anakutumia picha za magari, mimi wangu nilimnunulia Toyota Corolla sedani ya 2017, used, tumekaa nayo miezi minane sasa na ningekuwa na mtoto mwingine wa umri huo ningenunua ya pili. Sio gari ya kugeuza shingo za watu. Ni gari ambayo haimchokozi kijana afanye ujinga, na hicho ndicho nilichokuwa natafuta japo mwanzoni sikujua kukisema.

Yeye alikuwa na yake moyoni. Milango miwili, imeshushwa chini, ina turbo, ekzosi mdomo kama kopo la rangi. Na hotuba alikuwa ameshaiandaa, eti mama hii ni bei nafuu, eti haili mafuta, eti mwenye nayo ni mtu mzima ameitunza. Nikamsikiliza mpaka mwisho maana ukimkatisha hapo katikati umempoteza, halafu nikamuuliza kitu kimoja tu, hiyo gari yako ina ESC? Kimya. Na msinione mjuaji, wiki moja kabla hata mimi nilikuwa sijui ESC ni mdudu gani, ni mdogo wangu ambaye ni fundi ndiye aliniambia "dada, usiangalie rangi, angalia hiyo kwanza, kama haina ondoka."

Kwa ambao hamjui, ESC ni ule mfumo ambao kompyuta ya gari inaangalia usukani umekatwa kwenda wapi na gari yenyewe inaelekea wapi, ikiona haviendani inashika breki ya tairi moja peke yake na kupunguza nguvu ya injini mpaka gari inyooke. Wewe mguuni huna breki ya tairi moja, hata uwe dereva wa miaka thelathini. Na nani anakata usukani ghafla kwa woga, mbwa akikatiza au tairi ikitoka nje ya lami? Huyu huyu mgeni wa barabara. Marekani magari madogo yote mapya yalilazimishwa kuwa nayo kuanzia modeli za 2012, Ulaya kuanzia mwisho wa 2014, kwa hiyo ukishuka chini ya miaka hiyo usidhani tu kwamba ipo, hakikisha. Washa swichi bila kuwasha injini, kwenye dashibodi itatokea taa ya kagari kanakoteleza kameacha michirizi nyuma yake, inawaka kidogo halafu inazimika ukishawasha injini. Hukuiona kabisa? Muulize muuzaji, halafu usimwamini, tafuta kwenye kitabu cha gari.

Cha pili ni uzito, na hapa ndipo nilipogombana na mashoga zangu wote, maana kila mtu ananiambia mpe kagari kadogo kadogo kanapaki popote. Jamani kagari kakigongana na gari zito, kalikokaa vibaya ni kale kepesi, hiyo ni fizikia wala haihitaji digrii. IIHS, ile taasisi ya makampuni ya bima ya Marekani inayobamiza magari kwenye vizuizi ili tuone yanavyokunjika, inashauri kijana asipewe gari ya chini ya pauni 2,750, kama kilo 1,250 hivi. Hao hao wanasema ukihesabu kwa maili zinazoendeshwa, madereva wa miaka 16 mpaka 19 wanaingia kwenye ajali za vifo karibu mara tatu ya wale wa miaka 20 na kuendelea. Nilisoma hiyo usiku, sikulala vizuri. Corolla hii iko karibu kilo 1,290, imeuvuka mstari kwa unywele lakini imeuvuka. Honda Fit niliipenda mno, vile viti vya nyuma vinavyokunjwa makalio juu unaweka hata ua la chungu limesimama, ila kwa uzito haifiki hapo, nikaiacha kwa shingo upande. Mazda3 ndiyo ilikuwa maelewano yetu mimi na yeye, yeye anaona ni ya kishua, mimi naona uzito na nyota zake za majaribio ziko sawa, tukapanga kwenda kuiona Jumamosi, mwenyewe akaiuza Ijumaa.

Na msije mkaelewa kwamba basi mpe ligari likubwa kabisa, hapana, pikapu na yale marefu marefu yana uzito wa kuhangaika nao kwenye breki, kituo chake cha uzito kiko juu, kijana akiyumbisha yanataka kulala, na mbele ya boneti huoni mtoto mfupi. Sedani ya kati. Inaboa? Ndiyo.

Injini ni lita 1.8, nguvu za farasi 132. Ukikanyaga mafuta hadi mwisho inakujibu kwa sauti kwanza, mwendo unakuja baadaye umevaa kandambili. Mwanangu ndio hapo aliposema "mama, hii si gari ya mwalimu mstaafu?" nikamwambia ndiyo baba, na mwalimu mwenyewe yuko hai. Kuovateki na hii gari ni jambo la kufikiria kabla, unapiga hesabu, na mara nyingi ukimaliza hesabu unaamua kukaa nyuma ya lori. Kwa dereva mpya sioni ubaya wowote hapo. Halafu piga simu ya bima KABLA hujalipia gari, sio baada, maana injini na jina la modeli vinabadilisha bei kabisa kwa dereva wa umri huu, ile turbo yake nilipoulizia bima niliomba wanirudie nikidhani nimesikia vibaya.

Kwa nini 2017 hasa na sio 2015 ambayo ni bei ya chini na ukiziangalia ni ndugu? Kwa sababu kwa zile zilizouzwa Marekani, 2017 ndio mwaka Corolla ilianza kuja na Toyota Safety Sense bila kulipia nyongeza, yaani ina rada na kamera, inakupigia kelele ukikaribia kugonga cha mbele na inashika breki yenyewe ukizubaa, ukitoka kwenye mstari inakuonya. Nchi nyingine haikuwa hivyo, kwa hiyo mwaka peke yake usikutoshe, angalia gari yenyewe, kamera unaiona juu ya kioo cha mbele nyuma ya kile kioo cha ndani. Na kama kioo cha mbele kiliwahi kubadilishwa muulize kama kamera ilipangwa upya na mtu mwenye vifaa, maana ikikaa upande hata kidogo inaangalia vingine.

Sasa kutafuta. Wikiendi tatu. Gari ya kwanza (sitaji modeli wala muuzaji, sitaki kesi) ilikuwa inang'aa mpaka unajiona, ndani inanukia marashi, mwanangu ameshakaa ameshika usukani anajipiga picha. Mdogo wangu akamwambia "toka kidogo mjomba nione kitu", akakaa, akawasha swichi, akatulia anaangalia dashibodi kama anasoma barua. Taa ya oili imewaka, ya betri imewaka, ya injini imewaka. Ya eabegi, ule mfuko wa hewa unaofyatuka ukigonga, haikuwaka. Akazima, akawasha tena, haikuwaka. Taa ya eabegi inatakiwa iwake sekunde chache kisha izime, ikikataa kuzima kuna tatizo, lakini isipowaka kabisa ni mbaya zaidi, maana mara nyingi kuna mtu kaizima makusudi baada ya eabegi kufyatuka na hazikurudishwa. Ndani ya usukani kuna kifuniko kizuri na nyuma yake hakuna kitu. Muuzaji akasema labda balbu. Tukasema labda, tukaondoka.

Kwenye gari ya pili mdogo wangu alinionyesha kitu ambacho sitakisahau. Alishika mkanda wa dereva akauvuta, akauvuta, akauvuta mpaka ukaisha wote, ile sehemu ya mwisho ambayo hakuna mtu anaitoa. Pale mwisho mkanda umebadilika rangi, kahawia, na mstari umenyooka kama umepigwa rula, ukiukwaruza kwa kucha unatoka vumbi la udongo mkavu. Gari ilikaa kwenye maji. Kapeti wamebadilisha, viti wameosha, mkanda wamesahau. Magari ya mafuriko nyaya zake zinaoza taratibu kwa ndani, leo dirisha, kesho ABS, ule mfumo unaozuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki kwa nguvu.

Na tairi! Ubavuni mwa tairi kuna herufi DOT, mwisho wake tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Ile ya tatu tuliyoiona iliandikwa 4011, maana yake wiki ya 40 ya mwaka 2011, meno bado mazuri kabisa lakini mpira una nyufa ndogo ndogo kama kisigino kisichopakwa mafuta. Meno mazuri yanadanganya watu sana.

Corolla yetu ilipita yote hayo, tukachukua na ile namba ya chasisi ya herufi na tarakimu 17 tukaiingiza kwenye mtandao kuangalia kama ina jambo la kurudishwa kiwandani ambalo halijafanyiwa kazi. Hii ni bure na msiiruke, si mnakumbuka zile eabegi za Takata, makampuni mengi ya magari yaliita mamilioni kwa mamilioni ya magari warudishe kwa sababu kifaa cha kuzijaza kilikuwa kinaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma, na kuna watu wamekufa.

Kitu ambacho hii Corolla haina na ningekitamani ni mfumo wa mzazi. Ford wana MyKey, Chevrolet wana Teen Driver, unampa kijana ufunguo wake na gari inajua ni yeye, redio haitoi sauti mpaka mkanda ufungwe, spidi unaweza kuipunguzia. Kama mna bajeti ya kuchagua, hilo liwekeni kwenye hesabu. Kwetu mfumo wa mzazi ni mimi. Simu inakaa kwenye buti, sio mfukoni, sio kwenye kishikio, buti. Miezi sita ya mwanzo marafiki ndani ya gari ni sifuri, alinuna wiki mbili, na usiku alikuwa haendeshi bila mimi pembeni.

Siku ya kwanza hatukwenda popote, tulikwenda kwenye uwanja mtupu wa kupaki. Nikamwambia fika 50 halafu kanyaga breki kama unataka kuivunja. Akafika 50, akakanyaga, pedali ikaanza kutetemeka na kugonga chini ya kiatu ta-ta-ta-ta, akashtuka akaachia mguu, gari ikaenda zake mbele. "Mama, imeharibika!" Haijaharibika mwanangu, hiyo ndiyo ABS inafanya kazi, ukiachia mguu umeinyang'anya kazi. Tukarudia. Mara ya nne ndiyo alikaza mguu mpaka mwisho huku anakata usukani kukwepa ndoo niliyoiweka, na gari ikasimama imenyooka, ndoo iko salama. Mjue hata breki ziwe nzuri vipi, mguu usipojua ule mtetemeko unaachia, na ni bora aachie kwa ndoo.

Vitu vingine haraka haraka. Otomatiki, na najua wapo watakaosema ajifunze gia kwanza, sawa, ila nilitaka macho yawe barabarani sio mkono unatafuta namba tatu, na kama kwenu leseni ya otomatiki hairuhusu kuendesha gia basi mtihani afanyie gari ya gia hata kama atanunuliwa otomatiki. Injini inatumia cheni ya taimingi sio mkanda wa taimingi, huna haja ya kuhesabu kilomita za kuubadilisha. Spea zinapatikana na fundi yeyote anaijua. Kamera ya nyuma ipo, na pamoja na kamera kuwepo bado bampa ya nyuma kulia ina mkwaruzo wa rangi ya geti letu, sijauliza na yeye hajasema.

Miezi minane hiyo. Ile kengele ya mbele imelia mara mbili nikiwa ndani, mara moja ilikuwa ya kweli. Nyota nne na nusu kutoka kwangu, mwenye gari anasema tatu kwa sababu ya muonekano. Tairi za nyuma ni za kubadilisha mwezi ujao, na nimeshamwambia moja analipia yeye.