TAHADHARI: "Mchanga mweusi wa kiwandani" unaouzwa Mbagala, Kongowe na Vikindu

Ndugu zangu mnaojenga nyumba kwenye njia ya kutoka Dar es Salaam kwenda Kilwa, kuna jamaa mwenye tipa anapita saiti kwa saiti akiuza "mchanga mweusi wa kiwandani" kwa karibu nusu ya bei. Msinunue. Ule si mchanga, ni slagi: takataka inayobaki tanurini chuma au madini mengine yakishayeyushwa, ikapondwa na kuchekechwa.

Maneno yake ni matamu, eti Ulaya ndiyo wanayojengea. Anachanganya kweli na uongo. Slagi inayotiwa kwenye saruji hutoka tanuri za kuyeyushia mawe ya chuma, hupoozwa ghafla kwa maji, husagwa ikawa unga na kupimwa maabara. Ile ya viwanda vya kuyeyusha chuma chakavu, hata inapofaa, hulazwa nje miezi kadhaa kwanza, kwa sababu ndani yake huweza kuwa na chokaa isiyozimwa (ambayo bado haijatiwa maji) na magnesia (oksidi ya magnesiamu). Vitu hivyo vikipata maji huvimba polepole. Lipu ikishakauka haina pa kutanukia, kwa hiyo inapasuka na kubanduka vipande vipande. Magnesia inaweza kuchukua miaka, na muuzaji hapo utampata wapi? Jirani yangu alipigia lipu mzigo huu kabla ya masika, na sasa ukuta wake wa nje una nyufa na madoa ya kutu yaliyotokana na chembe za chuma.

Kinachonitia hofu zaidi ni kwamba hasemi mzigo umetoka tanuri gani. Slagi ya kuyeyushia betri za magari huwa na madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Wenzetu wa Owino Uhuru, Mombasa, walidhurika na sumu hiyo kutoka kiwanda cha betri, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Na sisi watoto wetu wanashinda juu ya lundo la mchanga!

Kuitambua: chukua konzi moja. Inang'aa kama chupa iliyopondwa, kingo zake zinakwaruza, na ni nzito kuliko mchanga wa ujazo uleule. Pitisha sumaku ya spika mbovu, chembe zitarukia. Ila wa Arusha na Moshi msiogope rangi wala sumaku peke yake, mchanga wenu wa volkano ni mweusi kiasili na una chembe zinazonasa.

Akija kwako, mdai majibu ya maabara na kibali cha NEMC (baraza la taifa la mazingira). Kama ameshamwaga, funika lundo kwa turubai, watoto wasilisogelee, fundi asichanganye hata ndoo moja, kisha toa taarifa serikali ya mtaa ukiwa na namba ya gari na picha ya mzigo.