Raspberry Pi 4 bila skrini: uzoefu wangu wa kuiendesha nikiwa mbali

Ninayotumia ni Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya bodi moja, ya RAM GB 2, haina skrini, haina kibodi, kila kitu ni kwa SSH, yaani kuiandikia amri kutoka kompyuta nyingine. Kwa kazi ya kuwaka mchana na usiku naipa 8 kwa 10. Bodi yenyewe haisumbui. Kinachosumbua ni waya wa umeme, kadi ya kumbukumbu (microSD), na laini ya intaneti.

Tuanze na umeme. Inataka volti 5, ampea 3, kwa USB-C. Chaja ya simu inaweza kuiwasha vizuri tu, halafu mzigo ukiongezeka mashine inazubaa au inajizima na kuwaka. Mara nyingi kosa ni la waya mrefu na mwembamba: volti zinapungua njiani, na zikishuka chini ya 4.63 bodi inajipunguzia kasi. Andika `vcgencmd get_throttled`. Jibu la `0x0` ni salama. `0x50000` maana yake umeme uliwahi kushuka tangu ilipowaka. `0x50005` unashuka sasa hivi. Badilisha waya kwanza kabla ya kuilaumu programu.

Kadi ya GB 32 inatosha. Iandike kwa programu ya Raspberry Pi Imager, chagua toleo la Lite (lisilo na mwonekano wa madirisha), na kabla ya kuandika jaza jina la mashine, jina la mtumiaji, nywila, Wi-Fi pamoja na nchi (TZ, KE au ulipo), kisha ruhusu SSH. Maelekezo mengi ya zamani yatakupoteza hapa. Mtumiaji `pi` mwenye nywila `raspberry` aliondolewa mwaka 2022, na ule ujanja wa kutupia faili la mipangilio ya Wi-Fi, `wpa_supplicant.conf`, kwenye kadi haufanyi kazi tangu toleo la Bookworm la 2023 la mfumo wa Raspberry Pi OS. Ikiwaka mara ya kwanza ipe dakika chache, maana inapanua kadi na kujiwasha upya, usiichomoe.

Kisha `ssh fundi@stoo.local`, ukiweka majina yako. Jina lisipopatikana, tafuta anwani ya IP kwenye orodha ya vifaa vya ruta. Ukiandika kadi upya, SSH itagoma ikidai utambulisho wa mashine umebadilika: futa wa zamani kwa `ssh-keygen -R stoo.local`. Tengeneza ufunguo kwa `ssh-keygen -t ed25519`, upeleke kwa `ssh-copy-id`, halafu ndipo uzime kuingia kwa nywila. Dirisha la kwanza liache wazi hadi la pili liingie kwa ufunguo, usije ukajifungia nje.

Kuifikia ukiwa mji mwingine ndiko wengi wanakokwama. Ruta ya laini ya simu mara nyingi haina anwani yake ya nje. Kampuni ya simu imeweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ukiona ruta imepewa IP kati ya 100.64 na 100.127, usihangaike kufungua poti (mlango wa kuingilia kwenye ruta), hakuna kitakachopita. Hata kama anwani unayo, poti 22, ile ya SSH, ikiachwa wazi inabishiwa hodi na roboti usiku kucha.

Mimi natumia Tailscale, huduma inayounganisha vifaa vyako kwenye mtandao wa faragha popote vilipo. Unaisakinisha, unaandika `sudo tailscale up`, unafungua kiungo inachokupa na kuingia kwenye akaunti yako. Laptopu nayo vilevile. Ila funguo zake kwa kawaida huisha baada ya siku 180, na siku hiyo mashine inapotea wakati wewe uko kilomita 400. Zima ukomo huo kwenye ukurasa wa usimamizi siku ileile ya kwanza. Asiyetaka kampuni katikati atumie WireGuard, VPN ya kujiendeshea mwenyewe, ila lazima awe na seva yenye anwani ya nje, na upande wa Pi aweke `PersistentKeepalive = 25` ili njia isifungwe na ruta. VNC, ya kuona skrini ya mashine kwa mbali, niliiacha, inakula bando bila sababu.

Alama mbili nimekata kwa sababu ya umeme unaokatika. Pi 4 haina saa yenye betri, kwa hiyo ikirudi bila intaneti tarehe inakosea na vyeti vya tovuti vinakataliwa. Na kadi huharibika ikikatwa inapoandika. Dawa ni kuwasha mfumo wa overlay ndani ya `raspi-config`: kadi inasomwa tu, mabadiliko yanakaa kwenye RAM na kupotea ikizima. Data unayoihitaji ielekeze kwenye flashi ya USB, na uzime overlay kabla ya kusasisha programu.