Jina la biashara au kampuni?

Kwa Tanzania Bara, vyote viwili husajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara. Kwa gharama, jina la biashara linashinda waziwazi. Ada za kampuni hupanda kadiri mtaji unavyoongezeka. Kodi nayo: mwenye jina la biashara na mauzo madogo hulipa kwa makadirio, kampuni hulipa asilimia 30 ya faida, pamoja na hesabu za mhasibu na ritani (taarifa ya kampuni) ya kila mwaka BRELA.

Lakini deni! Ukiwa na jina tu, mdai anaweza kufikia hata kiwanja chako. Kampuni hudaiwa yenyewe, japo benki nyingi humtaka mkurugenzi adhamini mkopo wa kampuni yeye binafsi.

Unauza keki peke yako? Jina linatosha. Mko wawili na mnatafuta mwekezaji? Atataka hisa, na jina halina hisa.