Seti ya kuondoa makunyanzi iliyonibabua uso: uzoefu wangu wa miezi minne

Nilinunua seti ya chupa tatu kwa shilingi 85,000, pamoja na nauli ya bodaboda ya kuniletea hadi Tabata. Ndani kuna tona (maji ya kufutia uso) ya asidi ya glaikoliki asilimia 7, seramu nyekundu kama damu ya kuchubua ngozi iliyokufa (asidi za matunda asilimia 30, salisiliki asilimia 2), na seramu ya retinoli, aina ya vitamini A, asilimia 1. Jina la kampuni silitaji, maana lawama kubwa si ya chupa.

Nina miaka 43, na kilichoniponza ni shikamoo. Kijana mwenye ndevu zake kamili alininyanyukia kwenye daladala: "Shikamoo mama, kaa hapa." Nikaitikia marahaba, nikakaa, na kuanzia Buguruni mpaka nashuka nikawa najikagua pembe za macho kwenye kamera ya simu.

Muuzaji ni dada wa mtandaoni mwenye maneno ya asali. Alinitumia maelekezo kwa sauti WhatsApp: "Mpenzi, zote tatu kila usiku. Unaanza na tona, ile nyekundu unaiacha dakika kumi, unanawa, unamalizia na retinoli. Ikikuchoma usiogope, ndiyo inafanya kazi."

Usiku wa kwanza raha. Ile nyekundu ilitekenya kama sisimizi wanatembea shavuni, asubuhi uso laini, unang'aa, nikapiga picha. Usiku wa tatu ule mtekenyo haukuisha hata baada ya kunawa. Usiku wa nne nilipofika kwenye retinoli, uso uliwaka kama nimepakwa pilipili kichaa. Nikakaa kitandani najipepea na kanga, najiambia inafanya kazi. Asubuhi maji matupu ya bomba yaliniuma. Mtu mwenye akili angeacha pale. Mimi nikapaka tena, kwa sababu nilishalipa.

Siku ya sita kando ya pua na pembe za mdomo zikaanza kubabuka. Ngozi ilitoka vipande vyembamba kama utando wa ndani wa kitunguu, na chini yake pakabaki wekundu unaong'aa kama nailoni iliyoloa. Kachumbari ikawa adhabu: ndimu ikigusa kona ya mdomo, machozi. Na mimi nauza vitenge kwenye kibanda kisicho na kivuli cha maana, jua la saa saba linanipiga usoni moja kwa moja. Wifi yangu alipokuja Jumapili hata hakusalimia. "Wifi! Umejimwagia maji ya moto?"

Nikamtumia muuzaji picha. Akajibu: "Hiyo sumu inatoka mpenzi, endelea." Hapo ndipo nilipoamka. Sumu gani imekaa usoni kwangu miaka 43 isinidhuru, ije inidhuru wakati wa kutoka?

Daktari wa ngozi, baba mtu mzima wa maneno machache, alianza kwa kuniuliza: kope zimevimba? Hapana. Panawasha au panachoma? Panachoma. Akasema basi huo si mzio. Mzio huwasha na mara nyingi huvimbisha, na kwa mwenye nao hata kiasi kidogo kinatosha kuuamsha. Mimi niliunguzwa na wingi. Asidi hulegeza kile kinachoshikanisha seli zilizokufa juu ya ngozi, retinoli nayo huharakisha seli mpya kupanda. Ngozi kujibadili ni kazi ya takriban wiki nne, mimi nilikuwa naivua kila usiku. "Umemenya ganda, umeendelea kumenya," akasema. Kisha akavaa miwani, akanisomea lebo: isizidi mara mbili kwa wiki, usipake kwenye ngozi iliyochubuka, jikinge na jua wakati wote wa kuitumia na wiki moja baada ya kuacha. Yote yalikuwepo, kwa herufi za kumtafutia mtu miwani. Nilisikiliza sauti ya muuzaji, sikusoma chupa.

Baadaye nimesoma kwamba Marekani jopo la wataalamu wa usalama wa vipodozi lilipendekeza asidi za aina hii zisizidi asilimia 10 kwenye bidhaa za kutumia nyumbani, na Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni mwaka 2024 ya retinoli ya usoni isizidi asilimia 0.3. Mimi nilikuwa na 30 na 1, sebuleni, bila feni.

Kubabuka kulipona ndani ya wiki mbili kwa sabuni isiyo na harufu na Vaselini kidogo usiku. Kilichobaki ni mabaka. Kwa ngozi zetu nyeusi moto ukizima unaacha masizi: ngozi ikijeruhiwa humwaga rangi pale pale. Nilikuwa na mistari miwili ya kucheka ambayo hakuna aliyeiona ila mimi, nikapata mabaka matatu, moja kubwa kama sarafu ya mia mbili, ambayo kila mteja aliyaulizia. Daktari akanionya nisikimbilie mkorogo kuyafuta, wala ndimu, maana maji ya ndimu na jua vikikutana juu ya ngozi huunguza upya. Akaniandikia losheni ya kukinga jua yenye SPF 30 kila asubuhi, na kofia. Losheni hiyo imenigharimu kuliko retinoli yenyewe, na hapo mwanzo muuzaji hakuitaja hata kwa bahati mbaya.

Marehemu bibi yangu alikuwa akisugua liwa kwenye msio, anatupaka, ikikauka tunanawa. Sisemi liwa inafuta makunyanzi, bibi alikuwa nayo tele. Lakini sikumbuki hata siku moja kulia nikipakwa.

Sasa ni mwezi wa nne. Mabaka mawili yamefifia, moja bado lipo kwenye shavu la kushoto. Daktari aliporuhusu, nilianza upya na retinoli ya asilimia 0.3 peke yake, siku tatu nyuma ya sikio kwanza, kisha usoni usiku mbili kwa wiki, kiasi cha punje ya njegere, juu ya krimu ya kawaida. Mjamzito asiiguse kabisa. Haijanichoma hata mara moja na ngozi imekuwa laini. Mistari ya macho ipo palepale, labda imelala kidogo, au ni taa ya bafuni.

Kwa nyota: retinoli ndogo naipa nne. Tona naipa mbili, sina haja nayo. Ile nyekundu nimeimwaga chooni, wifi aliiomba nikamnyima. Maelekezo ya sauti, sifuri.