Spika ya katikati: ya toleo moja na za pembeni au yoyote tu?

Hili swali haliishi. Una spika mbili za mbele za sinema ya nyumbani, kushoto na kulia, ziko poa, sasa unataka ya katikati, uchukue ya toleo lilelile au ya kampuni nyingine alafu risiva, ile mashine inayoendesha spika zote, ijirekebishe yenyewe?

Kwa kufanana sauti, toleo moja linashinda bila ubishi. Twita, yaani vile vispika vidogo vya sauti nyembamba, ni zilezile, kwa hiyo gari likikatiza skrini kushoto kwenda kulia unasikia gari moja, sio gari linalobadilisha injini katikati ya barabara. Ukichanganya, mfano pembeni twita za kitambaa alafu katikati twita ya honi (yenye mdomo kama tarumbeta), utofauti utausikia tu, na ile kalibresheni ya risiva, programu ya kupima chumba na kurekebisha sauti kama Audyssey, inasawazisha besi na trebo sawa, ila haibadilishi namna spika inavyotawanya sauti chumbani. Watu wanadhani mashine inamaliza kila kitu, wapi!

Bei sasa, hapo kuchanganya kunabeba, hasa kama spika zako ni za zamani na senta yake, yaani hiyo ya katikati, haitengenezwi tena, utazunguka maduka ya mitumba mpaka soli iishe. Ikiungua nayo unabadilisha tu, hubembelezi modeli.

Mtu wa muvi, hangaikia toleo moja. Wa taarifa ya habari na mpira, yoyote inayotoa maneno safi inatosha. Na kama unakaa peke yako katikati ya sofa, jaribu kwanza kuzima senta kwenye setingi, zile mbili zitakuletea sauti katikati kabisa, shida ni wageni wakikaa pembeni, wao wataisikia inavutika upande wao.